Mwenye Kufungua Njia

Neno lenyewe lilikuwa kwenye kifungu cha ufahamu cha kidato cha tatu, mstari wa nne: territory. Kifungu kilihusu simba. Nafundisha Kiingereza hapa Bomani, mjini Tarime, na nimeshajifunza kwamba ukiwapa wanafunzi tafsiri ya neno moja kwa moja, wanaliandika, wanafunga daftari, na habari yake inaishia hapo. Kwa hiyo nikawaambia wafunge vitabu, kila mmoja anipe mfano.

Walinipa. Mmoja alisema kijiwe cha bodaboda: ukitoka kijiwe kingine ukaja kupakia abiria wa watu pale stendi, utajuta kuzaliwa. Mwingine, anayetoka Kewanja, akasema ukuta wa mgodi, maana hata mbuzi wao wanajua ni wapi pa kugeuzia. Wa tatu akasema digidigi, anayerudi kunya mahali palepale kila siku ili wenzake wajue pana mwenyewe. Darasa likacheka, nami nikamwambia amejibu vizuri kuliko kitabu. Wakataja mipaka ya koo, wakataja bikoni za mpaka wa hifadhi. Nikawaongezea kwamba hata nchi hii iliwahi kuitwa hivyo na Waingereza, Tanganyika Territory, maana yake nchi ambayo bwana wake anakaa kwingine. Mwisho nikaandika ubaoni: eneo ambalo mtu, mnyama au nchi hulishika na kulilinda ili wengine wasiingie.

"Na mwanamke, Madam?" akauliza binti wa dawati la mbele. "Territory yake ni ipi?"

Kabla sijafungua mdomo, sauti ya kiume kutoka nyuma ikajibu: "Jikoni!"

Darasa zima likaangua kicheko, na mimi nikacheka. Hilo ndilo lililonikera njia nzima ya kurudi nyumbani, kwamba nilicheka, mimi niliyelelewa kwenye nyumba isiyokuwa na mwanamume hata wa kuazima. Na ile maana niliyoiandika ubaoni haikuwa kamili. Nilijua hivyo kwa sababu miaka michache iliyopita nusura nipoteze eneo la wanawake watatu kwa kidole changu hiki kimoja.

Kwetu ni Mbalibali, wilaya ya Serengeti. Nyumba yetu ni ile ambayo Wakurya wanaiita nyumba ntobhu. Kwa wasioijua, nitaeleza kwa kifupi, maana nimechoka kuelezea watu wanaonitolea macho. Bibi yangu alizaa mabinti wanne, hakuzaa mtoto wa kiume. Mume wake akafa. Mdogo wa marehemu, ambaye sisi tulimwita Babu Mdogo, akasema nyumba isiyo na kijana ni nyumba iliyofungwa, na shamba lirudi kwa ndugu. Bibi akamwambia asubiri kidogo. Akawaozesha mabinti zake, akapokea ng'ombe wa mahari, na kwa ng'ombe haohao akaenda kuoa mke. Huyo mke ndiye mama yangu. Watoto ambao Mama angewazaa, kwa mwanamume yeyote atakayemchagua, wangekuwa wa nyumba ile, kwa jina la marehemu, na nyumba isingefungwa tena.

Mama akanizaa mimi, halafu wadogo zangu wawili. Wote wa kike.

"Mungu naye ana utani," Bibi alisema, eti siku alipozaliwa yule wa tatu. Akanusa ugoro wake, akapiga chafya, akaenda kuchemsha uji wa mzazi. Wadogo zangu wakaolewa mbali. Mimi nikasoma, nikawa mwalimu, sikuolewa. Kwa hiyo Babu Mdogo na wanawe, ambao mashamba yao yamepakana na letu upande wa juu na pembeni, walikuwa wanasubiri. Hawakuficha. Mkubwa wao alinieleza waziwazi mnadani, tena kwa kicheko, kwamba wao hawana haraka, Bibi atalala siku moja.

Kazi yangu ya kwanza hapa duniani ilikuwa kufungua mti. Pembeni mwa shamba letu kuna mstari wa mkonge unaoteremka kutoka juu hadi kijitoni. Nje ya mkonge huo kuna njia ya ng'ombe, na kule juu, mdomoni mwa njia, kulikuwa na mti mmoja mrefu uliolazwa juu ya panda mbili. Kila asubuhi kabla ya shule nilikwenda kuushusha. Ng'ombe wa Babu Mdogo walikuwa wameshafika, wanasukumana, naye amesimama mbele yao na fimbo yake.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba."

Nashusha mti, ng'ombe wanapita kwenda kunywa. Jioni wakisharudi naurudisha. Basi. Siku moja yenye baridi nikanung'unika: kwa nini Babu asiushushe mwenyewe, kwani hana mikono? Bibi alinifinya sikio mpaka nikasimama kwa ncha za vidole. "Utaufungua wewe," akasema. "Na usikimbie ukienda. Wasubiri ufike." Nikaona ni ukorofi wa kizee tu. Bibi alikuwa mkorofi kweli, kwa hiyo haikuwa vigumu kuamini.

Jambo lingine lililokuwa wazi utotoni lilikuwa kwamba tusivuke mkonge. Huku ndani mtama na mihogo yetu, kule nje ng'ombe watakukanyaga. Mbuzi akivuka, mchungaji anachapwa. Kwa hiyo kichwani mwangu mkonge ndio uliokuwa mwisho wa kwetu, na sikuwahi kuliuliza hilo, kama mtu asivyouliza mkono wake wa kulia ni upi.

Nikaenda shule ya bweni, nikaenda chuo, nikapangiwa Tarime. Magoti ya Bibi yakakataa. Mama akabaki na kazi zote peke yake. Ule mti ukaliwa na mchwa, ukavunjika, na hakuna aliyeleta mwingine. Wachungaji wa Babu Mdogo wakawa wanapita saa wanayotaka.

Ndipo wakaja wa hati za kimila. Watu wa halmashauri walifika kijijini wakaeleza kwamba kila shamba litapimwa, majirani watasimama mpakani na kukubaliana, jina la mwenye shamba litaandikwa na hati itatolewa. Bibi alinipigia simu usiku huohuo kwa simu ya Mama. Hakusalimia. "Njoo," akasema. "Niandike kabla sijafa." Nami nilielewa vizuri. Shamba likishaandikwa kwa majina yetu matatu, lake, la Mama na langu, hakuna atakayekuja juu ya kaburi lake kutuambia nyumba imefungwa. Lisipoandikwa, tutakuwa wanawake wawili na maneno matupu, na kule juu kuna wanaume watano na plau.

Nikaomba ruhusa kazini. Nilipofika nikakuta Mama ameondoka asubuhi ile, kafiwa na kaka yake, kaenda msibani kwao. Kwa hiyo siku ya kupima tulikuwa Bibi na mimi, na Bibi hawezi kutembea hata kufika zizini.

Fomu tuliijazia uani. Afisa alikuwa kijana mpole kutoka Morogoro, mgeni wa sehemu zetu. Akaandika jina la Bibi. Akauliza mmiliki wa pili ni nani, nikamtajia Mama.

"Uhusiano?"

"Mke wangu," Bibi akasema.

Kijana akatabasamu, akidhani anataniwa. Akamwangalia mwenyekiti wa kitongoji. Mwenyekiti akatazama pembeni, akamwita kama tunavyowaita vijana wetu: "Andika, mura, usichelewe." Kijana akaandika kitu. Bibi akanitaka nimsomee alichoandika. Alikuwa ameandika "ndugu".

"Futa," akasema Bibi. "Ndugu yangu simtolei ng'ombe."

Akafuta. Nilicheka mpaka machozi, na nadhani kicheko hicho ndicho kilichonivimbisha kichwa. Maana tulipoinuka kwenda kuzunguka shamba, Bibi alinishika mkono akasema, "Ngoja nikueleze mpaka." Mimi huyu, mwenye shahada, nikautoa mkono wangu taratibu. "Bibi, nimezaliwa hapa," nikamwambia. "Mpaka naujua." Akanyamaza. Si kawaida yake kunyamaza, na hilo lingetosha kunishtua kama ningekuwa na akili siku ile.

Tulianzia kijitoni. Afisa alikuwa na kidude cha kupimia, kikubwa kuliko simu kidogo tu, na kila kona alisimama kikalia. Jirani wa kwanza akakubali, wa pili akakubali. Tukapanda hadi upande wa Babu Mdogo. Alikuwa amesimama hapo na wanawe wawili, amevaa koti lake la mvua ingawa jua lilikuwa kali.

"Mpaka wenu na huyu mzee ni upi?" afisa akauliza.

Nikanyoosha kidole. "Huo hapo. Mkonge."

Babu Mdogo akakitazama kidole changu, kisha akanitazama mimi. "Mwalimu," akasema, "una hakika?"

Aliniuliza. Siwezi kumsingizia, aliniuliza mbele za watu. "Babu," nikasema, "unaniona mimi mgeni hapa?"

"Haya," akasema. "Umesema wewe." Akachovya dole gumba kwenye wino, akaliweka kwenye karatasi. Yule mwanawe mkubwa alikuwa akiyaangalia mawingu.

Niliporudi Bibi akauliza kama tumemaliza. Nikasema tumemaliza, saini zote zimepatikana, hakuna aliyegomba.

"Shemeji hakugomba?"

"Hata neno."

Alikuwa amechukua ugoro kidogo kati ya vidole viwili. Mkono ukasimama nusu ya njia. "Hata neno?" akasema. "Basi kuna kitu." Nikamwambia ajifunze kupokea bahati. Nikapanda gari kurudi Tarime, nikajisikia mtu mzima.

Baada ya majuma mawili ramani ilibandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji ili mwenye pingamizi aseme. Nikaenda Jumamosi, nikaipiga picha kwa simu, nikawapelekea nyumbani. Mama alikuwa amesharudi. Bibi hakujua kusoma lakini alijua kuuliza. Nikamwonyesha kwa kidole: kijito hiki, mwembe huu, nyumba hapa.

"Na njia iko upande gani?"

"Njia ipi?"

Mama alikuwa anapepeta mtama. Akaweka ungo chini. "Mwanangu," akasema, "ulionyesha wapi?"

"Mkonge."

Hapo ndipo Bibi akanieleza kile alichotaka kunieleza siku ile. Alipomwoa Mama, Babu Mdogo alikasirika, akawa anapitisha ng'ombe katikati ya mtama wake kwenda kunywa, maana kijito kiko chini ya shamba letu, na upande wake kingo ni kali mno kwa ng'ombe. Wazee wa ukoo wakakaa. Wakasema shamba ni la nyumba ya marehemu na mwanamke huyu asiguswe. Wangeweza kuishia hapo. Lakini Bibi mwenyewe akasimama, akasema ng'ombe hawana kosa, wapite. Akapima hatua kumi na mbili kutoka mpakani kuingia ndani ya shamba lake, na huko ndani ndiko alikopanda mkonge. Njia yote ilikuwa yake. Wazee wakawavua viatu wote wawili, wakawasimamisha peku juu ya njia hiyo. Bibi akasema: hii ni yangu, nakupitisha. Babu Mdogo akasema: hii ni yako, napita. Na mti ukawekwa mdomoni, na ikasemwa kwamba utafunguliwa na nyumba ya Bibi, si na mwingine.

"Asiyeweza kukuzuia hawezi kukuruhusu," Bibi akasema. "Kila asubuhi alisimama pale akasubiri mtoto wangu amfungulie. Miaka yote hiyo. Ulidhani nilikuwa nakutesa?"

Hakunitukana. Ningeshukuru angenitukana. Alisema tu, "Umesomea mbali sana, mwanangu, mpaka nyumbani ukapotea." Nililia hapohapo mbele ya ungo, kilio cha mtoto, na Mama hakunibembeleza.

Jioni ile nikapanda kwa Babu Mdogo. Kabla sijafika kwake nilisimama njiani. Wanawe walikuwa wameshapitisha plau. Hatua kumi na mbili, kutoka juu hadi chini, udongo mwekundu umegeuzwa hadi kwenye mizizi ya mkonge, na ng'ombe wao wenyewe wanazungushwa kwa barabara kwenda kunywa. Ng'ombe wetu nao hawakuwa na pa kupita.

Nilimkuta anafunga kamba kwenye nira. Nikasahau shikamoo. "Babu, ulijua!"

"Nilijua," akasema. "Na nilikuuliza. Si ndiyo nilikuuliza?"

"Kwa nini hukusema?"

"Wewe ndiye mwenye shule." Hakuinua macho kutoka kwenye kamba. "Mimi nikibishana na mwalimu mbele ya serikali, nani ataaminiwa?"

Mwanawe mkubwa akatoka ndani akasema ramani imeshasema, dole gumba la mzee lipo na saini yangu ipo, niende salama. Nikamjibu maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyajua. Nikarudi nyumbani nikaandika pingamizi, kurasa mbili, kwa mwandiko mzuri kabisa. Usiku sikulala. Wazee wote waliokuwepo siku ile ya peku walikuwa wamekufa. Ukimtoa Bibi mwenyewe, shahidi aliyebaki duniani alikuwa mmoja, naye ndiye aliyekuwa akifaidika kwa kunyamaza. Nikajiona nikizeeka nikiwa mtu aliyemnyang'anya bibi yake shamba.

Baraza la ardhi la kijiji lilipanga kuja palepale njiani, siku ya Jumatano. Bibi akasema anakwenda. Mama akamwambia hawezi. Bibi akasema, "Nibebeni, si ninyi mmejaa nyumba nzima?" Tulikuwa wawili. Tukaomba vijana wawili wa jirani, wakambeba kwenye kiti cha plastiki kupitia kwenye mihogo, naye njia nzima akiwagombeza kwamba wanamtikisa kama gunia. Wakamweka juu ya udongo uliolimwa. Miguu ya kiti ikazama kidogo.

Mwenyekiti wa baraza akasoma pingamizi langu. Mwana mkubwa akajibu kwamba mpaka ulionyeshwa na upande wetu wenyewe, tena na msomi. Watu wakanigeukia. Nikasema ndiyo, mimi ndiye niliyeonyesha, nilikosea, sikujua. Sikuwahi kusema sentensi hiyo mbele ya watu tangu nianze kazi ya ualimu.

Bibi akainua mkono. "Nina maneno na shemeji," akasema. "Wengine nyamazeni."

Babu Mdogo akasogea.

"Vua katambuga, shemeji."

Mwana mkubwa akaruka. "Mzee, usivue! Umeshaweka dole gumba!"

Babu Mdogo alitazama miguu yake. Naye alikuwa mzee sana, sikuwa nimemwangalia vizuri siku nyingi. Shingo imekonda ndani ya lile koti. Bibi mwenyewe alikuwa peku tayari. Alikuja hivyo, nasi tulidhani amesahau ndala. Hapo nikaona kwamba ameshusha nyayo zake zote mbili zikakanyaga udongo, na magoti yake yanavyouma tulijua sote.

Babu Mdogo akainama. Alichukua muda, kwa sababu vifungo vya katambuga vilikuwa vya mpira na vidole vyake vimekakamaa. Hakuna aliyemsaidia. Akasimama peku.

"Sema ulichosema siku ile," Bibi akamwambia. "Kama ni kingine, sema hicho kingine. Mimi sina la kukufanya."

Mbuzi walikuwa wanalia mahali fulani chini. Mwanawe akasema "Mzee" kwa sauti ya chini, mara moja.

"Hii ni yake," Babu Mdogo akasema. "Mimi napita."

Basi ikawa imekwisha. Hakuna aliyepiga vigelegele. Mwana mkubwa akaondoka kwa hasira, na mwenyekiti akaandika. Afisa wa Morogoro, aliyekuja na kidude chake, akapima upya. Akamuuliza Bibi kama sehemu hii aiandike njia ya wote.

"Wote ndio kina nani?" Bibi akasema. "Andika yangu."

"Sasa ng'ombe wa mzee watapita wapi, Bibi?"

"Hapahapa."

"Fomu haina mahali pa kuandika hilo."

"Basi usiandike. Anajua."

Hati ilitoka na majina matatu. Mama akakata mti mpya, mwembamba kwa sababu mikubwa imekwisha, akaulaza juu ya panda mbili mdomoni mwa njia. Bibi akawa anaketi uani asubuhi akisikiliza ng'ombe wakipita, na Mama ndiye akawa anakwenda kuushusha. Mimi nikarudi Bomani kwenye chaki zangu. Masika yaliyofuata Bibi akalala, kama mwana mkubwa alivyokuwa ametuambia. Tulimzika kando ya nyumba. Babu Mdogo alitupia udongo wake kaburini.

Yule binti wa dawati la mbele bado sijamjibu, kipindi kiliisha na wiki hii tuna mitihani. Nikimjibu, nitamweleza asubuhi ya tatu baada ya mazishi.

Nyumba ilikuwa imejaa wageni, shangazi zangu wote wanne, wadogo zangu na watoto wao, tumelala kwenye mikeka kila mahali kwa uchovu wa msiba. Hakuna aliyekumbuka mti. Niliamshwa na ng'ombe. Hawakuwa wakilia kama wanavyolia wakipita. Walikuwa wanalia mahali pamoja, kwa muda mrefu, na jua lilikuwa limeshapanda. Nikajifunga khanga, nikatoka bila kunawa uso.

Kule juu mdomoni mwa njia walikuwa wamejazana, kundi zima, wale wa mbele wamelaza shingo juu ya mti. Ulikuwa mti wa kusukumwa na ndama. Mwana mkubwa alikuwa upande mmoja na fimbo, uso umekunjamana. Nilimsikia kabla hawajaniona.

"Mzee, si tuutoe tu? Maziwa yatakauka. Bibi mwenyewe si ameshakufa?"

"Subiri," Babu Mdogo akasema. Alikuwa amesimama mbele ya ng'ombe wake, peku, katambuga amezishika mkononi. "Mwenye njia hajafika."

Ndipo akaniona kwenye mihogo.

"Shikamoo Babu," nikasema kwa mbali.

"Marahaba."

Akabaki amesimama, ananingoja. Ng'ombe walikuwa na kiu na mimi nina miguu mizuri, ningeweza kukimbia. Nikatembea polepole, kama nilivyofundishwa, hadi nikaufikia mti.